Unga wa Kwa Msafi

Kuna watu mpaka leo wanafunga bahasha kwa ulimi. Wanautoa wote nje, wanaupitisha kwenye gundi toka kona hadi kona, halafu wanakukabidhi bahasha yenyewe uishike kwa mkono wako. Rogasian alikuwa mmoja wao, na kama makosa yake yangeishia hapo nisingekuwa na cha kusimulia.

Alikuwa na duka la steshenari karibu na stendi ya Mbinga. Alitoa fotokopi, akauza madaftari na kalamu, akawapiga watu picha za paspoti. Lakini roho yake ilikuwa kwenye karatasi za hoteli za zamani: karatasi za barua zenye jina la hoteli na picha yake juu, bahasha zake, lebo zilizobandikwa kwenye masanduku ya wasafiri, na zile ramani za bure ambazo hoteli ziliwagawia wageni ili wajue pa kwenda kumaliza fedha zao. Alikuwa nazo za Tanga, za Dodoma, za Beira na za Blantyre, na katika hoteli zote hizo hakuwahi kulala hata moja. "Mume wangu anakusanya makaratasi ya vitanda walivyolalia wengine," mkewe Verediana aliwaambia majirani, nao wakacheka.

Asubuhi moja ya Julai, Verediana aliikuta ramani ya sebuleni imelowa.

Julai ni baridi Mbinga, ukungu unaingia mpaka chini ya kitanda, kwa hiyo kitu kulowa si ajabu. Ajabu ni kwamba ukuta wote ulikuwa mkavu isipokuwa pale palipobandikwa ramani. Verediana alikuwa mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa, mimba waliyoingoja tangu ndoa yao mpaka mama mkwe akachoka kuuliza. Alisogea taratibu, akagusa karatasi kwa kidole. Alipokiondoa, uzi wa ute ulifuata, mrefu, mzito, ukaning'inia kati ya kidole chake na ziwa lililochorwa kwa bluu.

"Rogasian," aliita, "njoo uone ramani yako inatoka makamasi."

Rogasian alikuja na kitambaa, akaifuta kwa upole, akasema ni baridi tu. Mtu akipenda kitu, hata kikimtemea mate usoni atasema ni mvua.

Ramani hiyo ilitoka Ngumbo, ufukweni, kwao Verediana. Tarsisi, kaka yake Verediana, ambaye hupandisha samaki Mbinga kwa pikapu yake kuukuu, ndiye aliyemwambia Rogasian kwamba kule kwao kuna gofu la hoteli ya wazungu, na ndani kuna sanduku la makaratasi. Watu wa pale waliliita gofu hilo Kwa Msafi. Walisema mwenyewe alikuwa mzungu mwenye kinyaa, aliyewalazimisha wapishi kuosha kila sahani mara mbili, mpaka ikafika wakati wapishi wakawa hawaoshi kabisa, kwa sababu waliziacha chafu jioni na asubuhi wakazikuta zinang'aa.

Siku walipokwenda, Tarsisi hakushuka kwenye gari. "Chukua makaratasi yako, shemeji," alisema akitazama ziwani. "Ila cha jikoni usiguse."

"Jikoni kuna nini?"

"Nimekwambia usiguse. Hicho ndicho kilichopo."

Rogasian alilikuta sanduku. Mchwa walikuwa wamekula nusu, lakini ndani kulikuwa na karatasi za barua zenye taji la dhahabu juu, na bahasha moja safi, nzima, ambayo haikuwahi kutumika. Chini kabisa kulikuwa na ramani: Ziwa Nyasa lote, na meli ndogo, na samaki wanaotabasamu, na mzungu mwenye kofia akielekeza kidole ufukweni. Aliipuliza vumbi kwa furaha. Halafu, wakati wa kutoka, alipitia jikoni.

Pale kwenye meko baridi palikuwa na bakuli la udongo limejaa unga wa muhogo, mweupe, laini, umepigwa vizuri. Sasa, mtu wa milimani akishuka ziwani huona muhogo kila mahali: umeanikwa juu ya mawe, juu ya mabati, juu ya makaburi hata. Hajui upi ni wa nani na upo hapo kwa nini. Kwake yeye muhogo ni muhogo. Naye alikuwa na shida nao. Mzee mmoja wa Tanga, kwenye kundi lao la WhatsApp la wakusanyaji, alikuwa amewafundisha kwamba selotepu inaua karatasi ya zamani na gundi ya dukani inaila. Tumia uji wa muhogo, siku ukitaka kuibandua unailowesha tu, inatoka nzima. Nyumbani kwake walikula mahindi. Basi Rogasian akatoa mfuko wa plastiki, akachota, akaufunga, akauweka chini ya karatasi.

Verediana alipouona unga alinusa. "Huu wa wapi?"

"Nimenunua Lituhi, sokoni."

Uongo wenyewe ulikuwa mdogo tu, wa mtu asiyetaka maneno mengi. Akakoroga uji wake, akabandika ramani ukutani sebuleni, akazizungushia karatasi za taji la dhahabu, na uji uliobaki akaupaka kwenye mdomo wa ile bahasha, maana gundi yake ya zamani ilishakufa. Akailamba, akaifunga. Akapiga picha na kuwatumia wenzake, nao wakampigia makofi ya vikaragosi mpaka simu ikaishiwa chaji.

Baada ya ule ute, ikaja harufu. Anayejua muhogo uliovundikwa anaijua harufu ile, ila hii ilikuwa na kitu kingine ndani yake, harufu ya mdomo wa mtu aliyelala mchana na kuamka. Nzi walitua kwenye ramani, wakanasa, wakafa wamesimama. Halafu vyombo. Verediana alikuwa akichoka jioni, anaacha masufuria na sahani bila kuoshwa, na asubuhi anavikuta safi. Akafikiri mumewe amekuwa na huruma. Rogasian naye akafikiri mkewe ana nguvu kuliko anavyosema. Kila mmoja alimshukuru mwenzake kimoyomoyo, wakala kwenye sahani hizo wiki nzima, mpaka asubuhi moja Verediana alipochukua kikombe na kikagoma kutoka mkononi. Kilikuwa kimefunikwa na ute uliokauka. Aligeuza sahani, akaona juu yake michirizi mipana, iliyopishana, kuanzia katikati mpaka ukingoni.

"Nani anaosha vyombo humu ndani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Rogasian alizitazama sahani, akakumbuka ugali wa jana na juzi, akatoka nje mbio kutapika kwenye migomba. Na mimi ningetapika.

Hapo ndipo angesema. Hakusema. Aliosha vyombo kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akamwambia mkewe ni paka.

Verediana akaanza kukataa chakula. Ugali hataki, ndizi hataki, hata samaki wa ziwani, mbasa wa kukaanga aliyeletwa na kaka yake, alimsukuma pembeni. Kliniki wakasema damu imepungua na mtoto haongezeki. Jirani yao Mama Winifrida akasema ni mambo ya mimba, yeye mwenyewe alikula udongo wa kichuguu mpaka siku ya kujifungua, na mwanawe leo ni fundi bomba.

Mchana mmoja Rogasian alisahau waya wa mashine, akarudi nyumbani kuuchukua. Mlango ulikuwa wazi, na toka uani alisikia sauti ya unyevunyevu, taratibu, ya mbwa anapokunywa maji, akajisemea kweli leo mbwa ameingia, akaokota fimbo, akapita varanda, akaingia sebuleni, na pale akamkuta mkewe amepiga magoti mbele ya ukuta, mikono miwili ameishikilia ramani, tumbo limegusa ukuta, macho ameyafumba, ulimi wote nje, analamba ziwa kuanzia kusini kwenda kaskazini, anameza, anarudi tena kusini, na kidevu chake kinachuruzika, na kanga yake imelowa kifuani. Na alipotaka kumwita akasita, kwa sababu Verediana alikuwa amepumzika kidogo kuvuta pumzi, ulimi wake umerudi mdomoni, midomo imefungwa, lakini ile sauti ya kulamba ilikuwa inaendelea, pale pale, nyuma ya karatasi, na karatasi ilikuwa inafura na kunywea, inafura na kunywea, kwa upana wa ulimi ambao hakuna mnyama wa kufugwa anao.

Fimbo ilimdondoka. Verediana akageuka, akamtazama bila aibu.

"Nilikuwa na hamu," alisema. Meno yake yalikuwa na utando mweupe. "Na mtoto akisikia ladha yake anacheza. Njoo ushike, Rogasian. Anacheza."

Alimwinua, akamsafisha uso, akamlaza chumbani, akafunga mlango wa sebule kwa ufunguo. Halafu akakaa kwenye ngazi ya jikoni akampigia Tarsisi. Alisema yote, mpaka mfuko wa plastiki. Upande wa pili injini ya pikapu ikazimwa.

"Shemeji," Tarsisi alisema, "yule ni dada yangu. Ulichomlisha dada yangu hata nguruwe hatumlishi. Usimwache peke yake. Namleta Bibi Hildegardi wa kule kwetu."

Bibi Hildegardi alifika kesho yake kabla ya saa sita, mwanamke mfupi, amevaa sweta la kiume na rozari shingoni. Rogasian alimwamkia, "Shikamoo Bibi," na Bibi hakuitikia. Alisimama mlangoni mwa sebule, akanusa, akatema mate nje.

"Unga huo nautwanga mimi," alisema. "Kabla yangu alitwanga mama yangu. Tunautwanga tumefunga mdomo kwa kitambaa, hata vumbi lake tusilionje. Kila tunapoanza kula muhogo mpya, bakuli la kwanza tunalipelekea jini la gofuni. Wewe umeuchota kwa mkono kama pumba."

"Nilidhani umeanikwa, Bibi."

"Jikoni? Ndani ya gofu? Unaanikwa na nani, na popo?"

Akawaeleza kwa sauti ya chini, akitupia macho mlango wa chumba alimolala Verediana. Jini lile lilikuwa pale kabla ya hoteli. Hoteli ilipojengwa likapata kazi ya kufaa: masalia ya wageni. Wazungu walipoondoka likaanza kushuka vijijini, watu wanaamka wamelambwa nyuso, watoto wachanga wanakutwa wamelowa toka utosini mpaka unyayoni, hawapumui. Ndipo wazee wakaamua kulilisha palepale. "Linaishi kwenye chakula chake," alisema. "Ukihamisha chakula umelihamisha lenyewe. Sasa sikilizeni. Chakula kikirudi, linarudi. Lakini kikilambwa kikaisha huku huku, halitakuwa na pa kukaa, litaingia kwenye mdomo uliokila. Na mdomo uliokila humu ni wa nani?"

Tarsisi alifunika uso. Walifungua mlango. Ramani ilikuwa imebaki vipande. Yule mzungu mwenye kofia alikuwa hana mwili tena, kidole tu. Nyuma yake ukuta uling'aa.

Walibandua kila kitu. Bibi alifinyanga karatasi zote zikawa donge, taji la dhahabu na meli na samaki, akalitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Rogasian alikuwa akilia, na sijui alikuwa akimlilia nani. Halafu Bibi akaonyesha ukuta. Uji ulikuwa umebaki kwenye rangi, tabaka jembamba, la kijivu, linalotambaa.

"Huo haukwanguliwi kwa kisu, utadondoka chini na utapotea. Umeuleta kwa mkono wako, utaurudisha kwa mdomo wako. Lamba. Usimeze hata tone. Utautema bakulini kwangu, Ngumbo."

"Bibi, ni mbali."

"Ni mbali, ndiyo. Lamba."

Rogasian akatoa ulimi aliozoea kufungia bahasha. Alianzia juu. Ulikuwa wa vuguvugu, ule ukuta. Ulikuwa na chumvi ya mdomo wa mkewe na uchachu wa muhogo na vichwa vya nzi, na kila alipopitisha ulimi alihisi upande wa pili kuna mwingine unapita sambamba na wake, mpana, unaomtafuta. Mashavu yakavimba. Machozi na makamasi yakamtoka, akazuia koo kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, mpaka ukuta ukakauka.

Katikati ya kazi hiyo Bibi alikwenda chumbani kumtazama Verediana, na Tarsisi akapeleka ndoo kwenye gari. Rogasian alibaki peke yake. Juu ya kabati la vitabu, ndani ya albamu, kulikuwa na ile bahasha. Hakuna aliyeijua. Ilikuwa kavu, imefungwa vizuri, haikutoa ute wala harufu. Ndiyo pekee iliyobaki duniani, wenzake wa WhatsApp walikuwa wameshakubaliana hivyo. Uji uliokuwa kwenye mdomo wake haukufika hata kijiko. Akaitoa kwenye albamu, akaiingiza chini ya nguo zake kwenye kabati la chumba cha wageni.

Walimwita Mama Winifrida akae na Verediana. Bibi alipanda mbele, Rogasian akakaa nyuma na ndoo. Kabla gari halijaondoka, Bibi alitoa kichwa dirishani.

"Hakuna kilichobaki? Kila kilichoguswa na unga ule kimo humu?"

Mdomo ulikuwa umejaa. Rogasian alitikisa kichwa kwamba hakuna. Uongo haujawahi kuwa rahisi hivyo.

Safari ya kushuka ziwani ina kona zinazowatapisha hata madereva. Rogasian alishika ukingo wa pikapu kwa mikono miwili, na kile kitu kikawa kinasogea mdomoni mwake, kinamgusa meno kwa ndani, jino moja baada ya jingine, kinayasafisha. Kila gari lilipoinama alihisi kinateleza kuelekea kooni. Watu wa njiani walimpungia, hakuweza kuwapungia. Walipofika Kwa Msafi jua lilikuwa bado juu. Alijikokota mpaka jikoni, akainama juu ya bakuli, akatema, akatema tena, akatema mpaka damu ya fizi. Bibi akalitia donge la karatasi juu yake. Walipokuwa wakitoka walisikia nyuma yao kulamba kumeanza, kwa pupa.

Verediana alirudiwa na hamu ya ugali jioni ileile. Akanenepa. Septemba akajifungua mtoto wa kike mzuri, mwenye nywele nyingi, wakamwita Edina. Tarsisi alileta samaki wa kutosha mtaa mzima, Mama Winifrida akapiga vigelegele mpaka akakohoa, na Rogasian alimbeba bintiye akasahau, kweli alisahau, kwamba kuna kitu chini ya nguo zake.

Mtoto alinyonya vizuri siku za mwanzo. Baadaye akaanza kugeuza kichwa. Verediana akimweka titi la kulia, anageukia dirishani. Akimhamishia la kushoto, anageukia mlangoni. Siku moja mama aligundua kwamba popote wanapokaa, mtoto anageukia upande mmoja, wa chumba cha wageni. Na hakuwa analia. Alikuwa anatoa ulimi, anaurudisha, ananyamaza kidogo kama anayesubiri kujibiwa, anautoa tena.

Verediana alimbeba mpaka mlangoni mwa chumba kile. Mtoto aliponyamaza, kabati likajibu.

"Rogasian," aliita. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha mumewe alipokuja mbio toka uani. "Ulibakiza nini?"

Rogasian alimpita mlangoni. Alifungua kabati, akatupa mashati sakafuni. Yote yalikuwa yameloa. Bahasha ilikuwa pale chini, imefunguka, mdomo wake uko wazi. Aliushika, akaupitishia kidole toka kona hadi kona. Uji haukuwepo. Karatasi ilikuwa safi, kavu, laini, kama ilivyotoka kiwandani. Kabati lilikuwa kimya sasa.

Alitoka nayo uani, akampigia Bibi Hildegardi. Alieleza kwa haraka, akiomba radhi kila baada ya neno, akasema anakuja sasa hivi, anakodi gari, anairudisha.

"Unarudisha nini?" Bibi aliuliza. "Bahasha ina unga?"

"Haina, Bibi. Ni safi kabisa."

Bibi alishika rozari yake, Rogasian akazisikia punje zikigongana.

"Basi kimeisha huku huku, na mtoto alikionja tumboni. Asilale peke yake," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Na mtu asilale naye."

Rogasian aligeuka. Verediana alikuwa amekaa kwenye kochi, chini ya ule ukuta, mtoto begani. Hakuwa amesikia. Alikuwa akijifuta shingo kwa ncha ya kanga, anacheka kidogo kwa kutekenywa, na kila alipomaliza kujifuta, mtoto alimlowesha tena.